Kuchaji betri kambini: tundu la volti 12 au chaja?

Ukipiga kambi na gari ufukweni mwa Ziwa Victoria, nje kidogo ya Mwanza, tundu la volti 12 la jenereta ndogo linavutia: unaunga waya mbili, basi. Lakini mengi hutoa takribani ampea 8 tu. Betri ya risasi na asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) iliyobaki nusu itakula zaidi ya saa sita za petroli, na kelele juu.

Mimi nasema nunua chaja nzuri, uichomeke kwenye tundu la volti 230 la jenereta hiyohiyo. Ya ampea 20 hufikisha asilimia 80 ndani ya saa mbili hivi. Hapo zima! Asilimia 20 ya mwisho betri hupokea polepole mno, iachie sola. Na jenereta ikae mbali na hema, moshi wake unaua.