Kinu cha Manyatta: mahindi nawapa nyota tano, lile sinia nawakata moja

Nasagia hapa tangu mimba ilipoingia mwezi wa tatu. Sasa ni wa saba. Kinu kiko Manyatta, Kisumu, kibanda cha mabati ya kijani kisicho na hata kibao cha jina. Ukisikia ngurumo, umefika.

Siku ya kwanza nilifukuzwa. Nilikuja na gorogoro (makopo ya kupimia) nne za mahindi ya soko la Kibuye, za bei ya kutupa. Mzee mwenye kinu akatia mkono ndani ya gunia, akanusa, akachukua chupa kavu ya soda, akaweka chumvi kidogo na konzi ya mahindi yangu, akatikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo kama umande.

"Mama, haya bado yana maji. Siyasagi. Nenda ukayaanike."

Nilinuna, nimelipa boda kwenda na kurudi! Lakini mzee ana haki. Chumvi ikishika chupa, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi ya kuwekwa yanatakiwa yasizidi 13.5. Penye unyevu na joto ndipo kuvu hutoa sumukuvu, ile ile iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Kusonga ugali hakuiondoi, uupike mpaka ukoko uungue. Na mama mjamzito akiila, hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto.

Niliporudi na mahindi makavu, kijana wa mashine aliyamwaga kwenye ungo akachambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye ukungu wa kijani. Kisha akakoboa, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Pumba niliziacha pale pale. Sumu haikuyeyuka hewani, na kuku wangu nawapenda.

Mjue pia kwamba chupa hupima maji tu, haipimi sumu. Mahindi yaliyokauka leo huenda yaliota kuvu mwezi jana. Ndiyo maana ule uchambuzi naupenda kuliko ile chupa.

Bei imewazidi majirani kwa shilingi kumi kila gorogoro. M-Pesa wanapokea. Jumamosi msiende; utakaa kwenye lile benchi moja mpaka unga wa wenzako ukupake nyusi.

Sasa lile sinia. Liko kwenye kaunta, karibu na chumvi ya kupimia: vipande vya odowa, yale mawe ya udongo wa kula, shilingi ishirini ishirini. Mimba ya kwanza nilitafuna odowa kama njugu. Mvua ikianza tu kupiga vumbi, mate yananijaa mdomoni. Hakuna aliyenikataza. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akininunulia.

Safari hii nesi wa kliniki aliniuliza kabla hata sijakaa: "Mawe unakula?" Akanieleza kwamba udongo wa kula unaweza kuwa na madini ya risasi. Mwili huyapokea kama kalisi, ukayaficha mifupani, na wakati wa mimba mifupa ikitoa kalisi, nayo hutoka, yakaingia kwenye damu na kumfikia mtoto ubongo wake ukiwa bado unajengwa. Madhara yanaweza kuonekana baadaye, mtoto akishatembea: hatulii, hasira karibu, hashiki jambo likaisha. Na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kifungua mimba wangu ana miaka sita na hawezi kungoja uji upoe. Juzi alimpiga mwenzake kibao kwa sababu ya kifuniko cha soda. Siilaumu odowa, dani yake, yaani nyanya yake, anaapa kwamba babake alikuwa hivi hivi. Ila usiku mwingine najiuliza.

Basi nikamwambia mwenye kinu: "Mzee, mahindi yangu uliyakataa, na mawe haya unawauzia wenye mimba?"

Akajikuna kidevu. "Mama, nikiyatoa wataenda kwa jirani."

Jumamosi iliyopita (ndiyo, nilienda Jumamosi) kaunta ilikuwa na chumvi na chupa tu. Nikafurahi, nikataka kumrudishia ile nyota. Kisha chenji ikaniponyoka, kijana akainama kuniokotea, gazeti likasogea, na sinia nikaliona chini ya kaunta, limejaa.