MLB.TV nikiwa Mombasa: msimu wa kijana aliyeshika nafasi ya mkongwe

Nililipia MLB.TV, huduma ya kutazama ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwa intaneti, kwa msimu mzima wa 2024 nikiwa nyumbani Kisauni, na ninaipima kwa swali moja: je, humwezesha mtazamaji aliye mbali kuelewa kwa nini kocha amemkabidhi mpira kijana huyu na si mwingine?

Msimu huo ulileta mtihani uliofaa. Mwezi Machi timu ya New York Yankees ilimkosa Gerrit Cole, mrushaji wake mkuu (mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira) aliyetwaa kwa kura zote tuzo ya Cy Young ya 2023, ya mrushaji bora, kwa kuwa neva ya kiwiko chake cha kulia ilikuwa imevimba. Nafasi akapewa Luis Gil wa Jamhuri ya Dominika, mwenye umri wa miaka 25, ambaye mwenyewe alikuwa amepasuliwa kiwiko mwaka 2022 na kukaa nje kwa muda mrefu. Huduma hii huonyesha pia michezo ya maandalizi ya Machi, kwa hiyo uamuzi ulipotangazwa nilikuwa nimekwisha kumwona Gil akirusha mpira wa kasi unaopita kilomita 150 kwa saa.

Mchezo wake wa kwanza wa msimu, ugenini Arizona, ulitufikia wakati wa daku, kwani ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mjomba, aliyecheza kriketi ujanani, alikaa nami mezani, na kisanduku kinachochorwa kwenye skrini kuonyesha kila mpira ulipopita kikamfunza zaidi ya maelezo yangu yote. Aliona mara moja kwamba kijana ana nguvu lakini shabaha humponyoka. Hilo ndilo hasa lililokuwa gharama ya uchaguzi huo: mwisho wa msimu Gil alikuwa amewapa wapigaji besi za bure 77, yaani ruhusa ya kusonga bila kupiga kwa kuwa mipira minne ilikosa shabaha, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa Ligi ya Amerika, moja ya sehemu mbili za ligi kuu. Anayesoma matokeo tu angelishangaa kwa nini kocha alimvumilia. Aliyetazama Jumamosi ya tarehe 18 Mei hakushangaa, kwa sababu siku hiyo Gil aliwatoa wapigaji 14 wa Chicago White Sox kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, idadi ambayo hakuna mrushaji wa Yankees anayehesabiwa bado mpya katika ligi kuu aliyewahi kuifikisha katika mchezo mmoja.

Mchezo huo ulichezwa mchana wa New York, yaani usiku wa mapema kwetu. Mingi mingine huanza baada ya saa nane za usiku, na mwenye kazi ya asubuhi hataweza kuifuata. Hapa ndipo ninapoisifu huduma hii kwa moyo wote: mchezo hubaki kwenye kumbukumbu, mzima au umefupishwa, na kuna mpangilio wa kuficha matokeo ili mtu autazame kesho yake bila kuharibiwa utamu. Intaneti ya mtaani kwetu, kutoka kampuni nisiyoitaja, ilikatika mara nyingi katikati ya mchezo, na bila kumbukumbu hiyo ningelipoteza nusu ya msimu. Mtazamaji huchagua pia kusikiliza watangazaji wa timu ya nyumbani au wa wageni. Mimi nilipendelea wa timu pinzani, kwa sababu walimweleza Gil kama tatizo la kutatuliwa, si kama mwana wa nyumbani.

Upungufu upo. Hakuna utangazaji wa Kiswahili, maelezo ya sheria ni machache kwa anayeanza, na mchezo wa zaidi ya saa mbili na nusu hula bando kwa kasi. Asiye na intaneti ya nyumbani atosheke na muhtasari. Ada hutozwa kwa dola, na kwa anayetazama fainali pekee siioni kuwa na faida.

Kwangu ilifaa. Cole alirejea tarehe 19 Juni dhidi ya Baltimore Orioles, na Gil hakuondolewa: alimaliza na ushindi 15, akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa Ligi ya Amerika, na mwezi Oktoba akawa mrushaji wa kuanza katika mchezo wa nne wa fainali, ambayo ni mfululizo wa michezo, siku moja kabla ya Cole kuanzisha wa tano. Michezo hiyo miwili nimeitazama yote, na msimu unaofuata nitalipia tena.