Uzamili wa Anthropolojia katika London School of Economics: Tathmini

Kwa mtu anayetaka mwaka mmoja wa kusoma na kujadiliana kwa kina kuhusu ukoo, dini, uchumi na mamlaka katika jamii za binadamu, kozi hii inastahili sifa zake. Hapa ndipo mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi takriban miaka miwili visiwani Trobriand, karibu na Guinea Mpya, akijifunza lugha na shughuli za wenyeji, alipofundisha kwamba mtafiti hana budi kukaa na watu anaowaandika. Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi wake, na kitabu cha Kenyatta kuhusu Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938, kilitokana na masomo hayo. Nadhani kila msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kuomba nafasi angekipitia kwanza, kwa kuwa kinaonyesha Mwafrika akiisimulia jamii yake kwa kutumia nadharia za taaluma bila kuwaachia wageni neno la mwisho.

Nguvu kubwa ya kozi ni semina, ambamo hoja ya mwanafunzi hupimwa kwa ushahidi wa kietnografia, yaani uliokusanywa kwa kuishi na watu na kuandika maisha yao. Maktaba ni bora sana.

Kasoro yake ni ya kimuundo, na inazihusu kozi nyingi za Uingereza za aina hii: miezi 12 haitoshi kwa utafiti mrefu wa uwandani, ingawa ndio moyo wa taaluma yenyewe. Ada kwa wanafunzi wa kigeni nayo ni kubwa mno, hivyo ningemshauri asiye na ufadhili azingatie kwanza Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako uwanda wa utafiti uko karibu na lugha za watafitiwa ni zake mwenyewe.