Kutembezwa mdomo wa Sabaki, nenda ila usivae sandozi

Miaka yote niliyokaa Malindi mto Sabaki huuona tu kwa dirisha la basi la Lamu, pale darajani, basi. Mwezi wa kwanza ndo mi na dadangu tukalipa elfu moja moja tukatembezwa hadi unapoingia baharini.

Ubaya kwanza. Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi, kijana wa kututembeza katokea saa moja na robo, na darubini ilikuwa moja kwa watu sita, tunapokezana kama kikombe cha kahawa. Viatu gani tuvae hakuna aliyetuambia, nikazama mpaka muundini, kuvuta mguu sandozi ikabaki chini.

Kijana akaingiza mkono akaitoa, huku anacheka: "Dada, hili tope usilitukane, limetoka mbali, Ukambani hili." Hapo ndo akanieleza kumbe huu mto huko juu upande wa Nairobi ni Athi, ukikutana na Tsavo unaotokea karibu na mpaka wa Tanzania unaitwa Galana, ukifika kwetu ndo Sabaki, kwa hivyo wa juu wakifyeka kando ya mto udongo wote ni wetu, na kaskazi ikivuma inausukuma kusini mpaka ufuoni mjini. Kumbe ndo manake miezi hii bahari yetu ni chai ya maziwa!

Heroe tuliwaona mbali, kiboko masikio tu, lakini mi nilinasa kwa vitwitwi, vijindege kama ngumi ya mtoto, wimbi likirudi vinalifukuza vikidonoa, likija vinatoka mbio vyote pamoja. Ati vinazaliwa Siberia. Wapo pia ndege wengine wa Madagaska ila hao huja wakati wa kusi, tumewakosa.

Nikamuuliza, sasa hapa panalindwa? Akasema ule mkataba wa Ramsar wa 1971, wa nchi nyingi wa kulinda maziwa, vinamasi na midomo ya mito kama hii, unazitaka nchi zinazogawana maji zishauriane, na Kenya imeandikisha sehemu 6, tano ni maziwa ya Bonde la Ufa, ya Pwani ni delta ya Tana peke yake, hekta 163,600, tangu 2012. Sabaki haimo. Wallahi iliniuma, maana hao vitwitwi hawajui orodha.

Nyota nne. Ulizia maji kupwa kabla hujalipa, bamvua likijaa ndege hamna. Mi narudi kusi, na darubini yangu.