Pawa Stelingi ya Umeme: Haina Mafuta, Lakini Ina Matunzo Yake

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo nimesimama Shangani, hapa Mtwara mjini, karibu kabisa na bahari, na mahali hapa nimepachagua kwa makusudi, kwa sababu hewa hii ya chumvi ina uhusiano mkubwa na kifaa tunachokichambua: pawa stelingi ya umeme, iliyomo katika magari madogo mengi tunayoagiza kutoka Japani, yakiwemo Vitz na Passo.

Wengi wetu tulizoea usukani wa haidroliki, ambao pampu yake huzungushwa na mkanda wa injini wakati wote, hata pale gari linaponyooka kuelekea Mingoyo bila kukata kona yoyote. Mfumo wa umeme hauna pampu hiyo. Unapozungusha usukani, sensa iliyo kwenye shafti hupima nguvu ya mikono yako, kompyuta ndogo huilinganisha na mwendo wa gari, kisha mota husaidia kwa kiasi kinachohitajika tu. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi unapoegesha na hukaza kidogo unapokwenda kasi, jambo linalompa dereva utulivu. Suzuki waliuingiza sokoni katika gari lao la Cervo mwaka 1988. Kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi pale tu inapofanya kazi, injini hupunguziwa mzigo na matumizi ya mafuta hupungua kidogo.

Ninaulizwa mara nyingi: huwekwa mafuta gani? Hauwekwi mafuta. Hata hivyo, fungueni boneti mhakikishe, kwa sababu ipo aina ya kati ambayo pampu yake inaendeshwa kwa umeme lakini bado inatumia mafuta ya haidroliki, na hiyo ni lazima kikopo chake kikaguliwe.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi. Mwaka jana, nikiwa Newala, nilikuwa nageuza gari mahali pafinyu mbele ya ghala la korosho, taa yenye picha ya usukani na alama ya mshangao ikawaka, na usukani ukawa mzito kama wa lori. Gari halikushindwa kukata kona, maana shafti ya chuma bado imeunganishwa na magurudumu, ila nilishuka mlima wa Newala kwa mwendo wa pole sana huku mabega yakiniuma. Gereji ya kwanza ilinitaka ninunue stelingi nzima iliyotumika. Sikuridhika, nikampelekea gari fundi umeme, naye kabla ya kufungua chochote akachukua mita. Betri ilikuwa na volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na alteneta ilichaji vizuri. Lakini nilipokata usukani hadi mwisho, umeme uliofika kwenye mota ulishuka vibaya. Kosa lilikuwa kwenye waya wa ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, pale unapofungwa kwenye bodi hiyo, ambapo kutu ilikuwa imejaa. Aliisugua kwa brashi ya waya, akakaza boliti, akapaka grisi, akafuta kosa lililohifadhiwa kwenye kompyuta kwa mashine ya kusomea makosa, na hadi leo taa haijarudi.

Ndugu zangu, kisa hicho ndicho kiini cha uchambuzi wangu. Mota hii hufanya kazi kwa volti 12 na huweza kuvuta makumi ya ampea pale matairi yanapogeuzwa gari likiwa limesimama, kwa hiyo kutu ndogo ambayo redio isingeihisi hutosha kuunyima usukani nguvu. Sisi tunaoishi Mtwara, Mikindani na Lindi tuna wajibu wa kusafisha vichwa vya betri na sehemu za ethi mara nyingi kuliko mwenzetu wa Dodoma. Msikubali kuuziwa stelingi kabla volti hazijapimwa na kosa halijasomwa kwa mashine.

Msiushikilie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kwa muda mrefu, kwani mota hupata joto na kompyuta hupunguza msaada ili kuilinda. Msielekeze maji ya presha kwenye soketi za umeme mnapoosha injini. Kabla ya kuchomelea bodi, ondoeni nyaya za betri. Upepo wa matairi, tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu) na mipira ya reki (chuma chenye meno kinachosukuma tairodi hizo) hukaguliwa kama katika gari lolote. Mpira ukichanika, mchanga wetu wa vijijini huingia na kuila reki.

Nimeutumia mfumo huu miaka minne na ninaupendekeza kwa moyo wote, ila kwa anayenunua gari lililotumika, hiki ndicho kipimo changu cha kwanza. Tazameni dashibodi: nafungua swichi, taa ya usukani imewaka, na ni lazima iwake, kwa sababu isipowaka huenda kuna mtu ameiondoa ili kuficha kosa. Nawasha injini. Taa imezimika. Sasa nakata kushoto, nakata kulia, na uzito ni uleule pande zote mbili.