Klika au neno "safi"?

Klika ni kidude cha plastiki kinacholia "tak" ukikibonyeza. Kinamwambia mbwa: hapo hapo umepatia, nyama inakuja. Marian na Keller Breland, wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walifundisha wanyama kwa milio ya namna hii tangu miaka ya 1940. Uzuri wake ni kwamba mlio haubadiliki hata ukiwa umekasirika. Katika kumzoesha mbwa kukatwa kucha, kwa mfano, nisingeiacha klika.

Neno "safi" linaweza kufanya kazi hiyohiyo, ni la bure na huwezi kusahau kulibeba. Mkono mmoja una kamba, mwingine vipande vya maini. Klika utaishika na nini? Barabarani nachagua neno, mradi liwe fupi, sauti ileile, na maini yafuate kila mara. Mbwa mwoga anayeshtushwa na "tak" naye mwanzie na neno.