Programu za Chicago Park District msimu wa machipuko: bei poa sana, ila inabidi uwahi

Jamani niseme wazi toka mwanzo, kwa hela unayotoa na kitu mtoto anachopata, mimi sijaona huduma ya jiji hapa Chicago inayowafaa wazazi wetu kama programu za Chicago Park District, yaani mamlaka ya bustani za umma za jiji, na hasa hizi za msimu wa machipuko zinazoanza mwishoni mwa mwezi wa tatu au mwanzoni mwa wa nne zikaenda mpaka mwezi wa sita, kama wiki kumi hivi. Watu wetu wengi hapa kwenye mitaa ya Rogers Park na West Ridge, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wanapita mbele ya majengo ya hizi bustani kila siku wakienda kupanda basi na hawajui ndani kuna nini, wengine wanadhani ni ofisi za serikali wanaogopa hata kusukuma mlango. Sukuma mlango mama, ni kwako.

Tena ni kwako kweli, sisemi kukufurahisha. Majengo haya yana historia yake. Yalianza upande wa kusini wa jiji mwaka 1905, kwenye mitaa ya karibu na machinjio makubwa ambako wahamiaji wa Poland, Lithuania na kwingineko walikuwa wamebanana kwenye vyumba vidogo, na wazo lilikuwa kila mtaa wa namna hiyo upate bustani yenye jengo lake, ndani ukumbi wa mazoezi, mabafu ya kuoga, chumba cha kusomea vitabu, ukumbi wa mikutano. Yaani wageni waliokuja mjini bila kitu ndo waliofikiriwa kwanza. Baadae mwaka 1934 mamlaka 22 za bustani zilizokuwa kila moja kivyake zikaunganishwa zikawa hii moja, na leo ina bustani zaidi ya 600 pamoja na ufukwe wa ziwa karibu kilomita 42. Kwahiyo popote unapoishi ndani ya jiji, jengo la bustani haliko mbali na wewe. Sisi wa kaskazini tuna Warren Park pale barabara ya Western, Indian Boundary kwa wanaopenda mambo ya sanaa, Loyola Park kwenye ziwa, Pottawattomie kule juu karibu na mpaka wa mji jirani wa Evanston.

Sasa nianze na kuogelea kwasababu hapo ndo roho yangu iko.

Wengi wetu tumekuja huku hatujui kuogelea. Hata sisi wa pwani, usidanganyike, wavulana walikuwa wanajifunza baharini wenyewe kwa wenyewe, wasichana tunaambiwa toka huko, na wa bara wengine maji makubwa wameyaonea kwenye ndege. Halafu tunakuja kukaa kwenye jiji ambalo ukitembea kidogo tu kuelekea mashariki unakutana na Ziwa Michigan, na kiangazi kikifika watoto hawaulizi, wanafuata wenzao. Ziwa lile lina mawimbi na mikondo, na maji yake mwezi wa tano bado ni baridi ya kukata pumzi hata kama juu jua linawaka. Waokoaji wanakaa ufukweni kuanzia ile Ijumaa ya kuelekea Memorial Day mwishoni mwa mwezi wa tano mpaka Labor Day mwanzoni mwa wa tisa, saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni, na wanapandisha bendera, kijani ingia, njano kuwa makini, nyekundu usitie mguu. Mtoto anatakiwa ajue haya kabla ya kiangazi, na ndo maana nasema darasa la machipuko ni la maana kuliko yote, akianza mwezi wa nne kwenye bwawa la ndani lenye maji ya vuguvugu, ufukwe unapofunguliwa ana kitu cha kumsaidia.

Nilivyoona mimi wanafundisha vizuri. Wadogo hawatupwi majini. Wanakaa ukingoni miguu ndani, wanapiga maji, halafu wanaingia mmoja mmoja wakishikilia ukuta, wanafundishwa kuzamisha mdomo na kupuliza mapovu, halafu uso mzima, halafu kulala chali mwalimu ameweka kiganja chake chini ya kisogo. Hapo kwenye kulala chali ndo pagumu, mtoto anakakamaa shingo, anataka kukaa, na mwalimu hana haraka, anamwambia tazama taa za juu, tazama taa, mpaka masikio yanaingia majini na tumbo linapanda lenyewe. Binti wa jirani yangu alilia wiki za kwanza, na ilipofika mwezi wa sita alikuwa anavuka upana wa bwawa na kile kibao cha kushikilia. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya kioo anapiga vigelegele, wazungu wote wamegeuka, na mimi nikampokea.

Na kuna jambo ambalo watoto wetu weusi wanapaswa kulijua kuhusu maji ya mji huu. Mwaka 1919, tarehe 27 Julai, kijana mweusi wa miaka 17 anaitwa Eugene Williams alikuwa anaelea kwenye ziwa karibu na ufukwe wa mtaa wa 29, akavuka mstari ambao haukuandikwa popote uliotenga maji ya weusi na ya wazungu, akarushiwa mawe, akafa maji. Fujo zilizofuata ziliua watu 38. Kwahiyo mimi nikimwona mtoto mweusi anaingia bwawa la umma la Chicago, analipiwa ada ndogo, ana mwalimu wake na zamu yake, sioni kama ni burudani tu. Ni haki iliyopatikana kwa gharama kubwa na tusipoitumia tunaipoteza.

Kwa vitu vidogo vya bwawani: beba kufuli lako la kabati, nguo rasmi za kuogelea maana fulana ya pamba na kaptura ya kawaida hawaruhusu, na taulo kubwa maana mwezi wa nne nje bado kuna upepo wa kuua, usimtoe mtoto nywele zimelowa. Kina mama wanaojistiri, ulizeni dirishani pale mapokezi kabla ya kujiandikisha, kila bwawa lina ratiba yake.

Michezo ya nje ipo mingi. Mpira wa miguu wa watoto wadogo, tenisi, na hiyo besiboli ya wadogo ambayo kimpira kinawekwa juu ya kijiti cha raba mtoto anakipiga kwa gongo halafu anakimbia, mara nyingi anakimbilia upande sio. Wazazi wetu wanaidharau kwasababu hatukukua nayo, lakini mimi nashauri mwandikishe hata msimu mmoja, kwasababu shuleni wenzake wanaizungumza na asiyejua anabaki pembeni, na isitoshe kwenye yale mabenchi ndo mzazi unajuana na wazazi wenzio wa mtaa, ndo unaambiwa shule ipi nzuri na daktari gani wa meno anapokea kadi yako ya matibabu. Jimnastiki nayo inapendwa mno, Peterson Park wana kituo kizuri sana, ila hiyo nafasi zake zinaisha ndani ya dakika chache na hapo sitanii.

Wazee pia wasiachwe ndani. Bibi na babu waliokuja kulea wajukuu wanakaa na televisheni ya lugha wasiyoijua kuanzia asubuhi mpaka jioni, wakati kuna vikundi vya wazee, mazoezi ya kukaa kwenye kiti, kutembea ndani ya ukumbi, ufinyanzi kwenye baadhi ya bustani. Lugha sio kikwazo kwenye kunyoosha mikono.

Halafu hili naomba mlisome taratibu. Mwenye mtoto mwenye ulemavu, wa akili au wa viungo, idara hii ina programu maalum kwa ajili yake na wana uzoefu nazo wa muda mrefu. Special Olympics, mashindano ya wanariadha wenye ulemavu wa akili, ya kwanza duniani ilifanyika hapa hapa Chicago, Soldier Field, tarehe 20 Julai 1968, na wazo la mashindano hayo lilitoka ndani ya Chicago Park District kwa mwalimu wa michezo Anne Burke, ambaye baadae akawa jaji mkuu wa mahakama ya juu ya Illinois. Wanariadha kama elfu moja walikuja kutoka majimbo 26 na Kanada. Nalisema hili kwasababu najua familia zetu, mtoto wa namna hiyo anafichwa chumbani wageni wakija, mama anasononeka peke yake, na kumbe kuna ukumbi mtaani ambao makochi wamefunzwa, wanamjua mtoto kwa jina, wanamsubiri. Mtoeni. Anastahili jezi kama ndugu zake.

Kwa wikendi ambayo mvua inanyesha na theluji inatishia kurudi (mwezi wa nne Chicago hauaminiki kabisa) nendeni Garfield Park Conservatory, nayo ni ya idara hii hii. Ni nyumba kubwa ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1908, aliyeibuni ni Jens Jensen, mwenyewe mhamiaji kutoka Denmark. Mkazi wa Chicago anaingia bure, weka tu nafasi onlaini kwanza, na treni ya Green Line inakushusha mlangoni. Msimu huu wanakuwa na maonesho ya maua lakini mimi maua naangalia haraka haraka, nakimbilia kile chumba chenye miwa, migomba na kakao. Ukifungua mlango joto lenye unyevu linakupiga usoni, miwani inaingia ukungu, harufu ya udongo uliolowa, watoto waliozaliwa huku wanashangaa kuona mkungu wa ndizi unaning'inia kichwa chini, wanauliza kwanini zinaelekea juu. Hapo ndo unapata nafasi ya kuwaelezea shamba la bibi bila kulazimisha.

Sasa kujiandikisha. Hapa ndo napunguza nyota, sio kwa makochi, kwa mfumo. Unafungua akaunti onlaini, ratiba inatoka siku kadhaa kabla unaipitia, halafu siku ya kujiandikisha mlango unafunguliwa saa tatu kamili asubuhi, na siku zinagawanywa kwa barabara ya California, bustani za magharibi mwake zina siku yake na za mashariki siku yake. Baada ya hapo ndo inakuja siku ya kujiandikisha kwa kwenda mwenyewe dirishani. Sasa fikiria, nafasi za kuogelea na jimnastiki zinapiganiwa onlaini, anayebaki kusubiri siku ya dirishani anakuta vilivyobaki. Mfumo huo unampendelea mwenye kazi ya mezani, kompyuta mbele yake na intaneti ya kasi. Mama mmoja wa Bukavu tunakaa jengo moja aliniambia, "Dada, saa tatu ya asubuhi miye niko nalala, nimetoka kazini usiku muzima." Na ni kweli, wengi wetu tuko viwandani, hospitali, uwanja wa ndege, saa hiyo simu iko kwenye kabati la kazini. Mimi naona idara ingetenga sehemu ya nafasi kwa watu wa dirishani toka mwanzo, hasa kwenye kuogelea, maana hilo ni la usalama.

Wakati tunasubiri hilo, sisi tumejipanga kwenye grupu la WhatsApp. Wiki moja kabla kila mzazi anafungua akaunti yake, anajaza taarifa za watoto, anachagua madarasa anayoyataka na ya akiba, anahakikisha kadi ya benki iko sawa. Anayekuwa kazini anaacha nywila kwa mtu anayemwamini kabisa, ndugu au mume, sio kwa grupu zima. Saa tatu kasoro dakika kumi tuko macho. Ukikuta darasa limejaa jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, watu wanajitoa, na usikate tamaa na bustani moja, angalia ya mtaa wa pili, mara nyingi bustani isiyo na jina kubwa ina kochi mzuri tu na nafasi tele.

Kuhusu hela, ada ni ndogo ukilinganisha na shule za binafsi, na mkazi wa Chicago asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa ada. Ulizia jengoni kwenu fomu na karatasi wanazotaka, uliza mapema kabla ya siku ya kujiandikisha, na usione haya, hiyo bajeti imetengwa kwa ajili hiyo. Anayekaa nje ya jiji analipa zaidi kwahiyo wa Evanston na Skokie angalieni za kwenu kwanza.

Jambo moja lenye uchungu. Mwaka 2023 jiji lilipozidiwa na wahamiaji waliokuwa wanaletwa kwa mabasi, majengo matano ya bustani yaligeuzwa malazi, likiwemo Broadway Armory kule Edgewater na la ufukwe wa Leone huku kwetu, programu zikahamishwa, na mwaka 2024 jiji likatangaza kuyarudisha. Maneno yaliyosemwa mtaani kipindi kile yaliniumiza, kuna watu wetu, waliopita kambini wenyewe, walikuwa wanasema hao wageni wametunyang'anya ukumbi. Mtu aliyelala Nyarugusu au Kakuma hatakiwi kusema hivyo. Kilichotakiwa ni jiji liwe na mahali pa kulaza watu bila kumtoa bibi kwenye mazoezi yake, na hilo ndo la kuwauliza viongozi, sio la kumuuliza mama mwenye kichanga.

Mwisho, msikae mkangoja kiangazi kifike, kambi ya mchana ya watoto wa miaka 6 hadi 12, ile ya wiki sita kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita, inaandikishwa wakati huu huu wa machipuko. Kwa mzazi anayefanya kazi hiyo ndo inayookoa likizo nzima. Ratiba ikitoka ntaweka kwenye grupu, na anayetaka kusaidiwa kufungua akaunti aje na simu yake Jumamosi baada ya adhuhuri, tutakuwa Warren Park mezani karibu na mlango.